Binti Yetu Ni Mbuni

Mbuni ana uchungu na wanawe, au hana?

Swali hili niliulizwa na ami, kaka mkubwa wa marehemu baba, kupitia pazia la mlango wa sebule nyumbani kwetu Muyeye. Wanaume walikuwa upande wa makochi na feni. Sisi wanawake tulikaa upande wa pili, juu ya mkeka, tukisikiliza mambo yetu yakiamuliwa. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na ami hakuacha kunikumbusha.

"Wewe msomi," aliita, "hebu tusaidie. Mbuni ana uchungu na wanawe, au hana?"

Sikujua. Sikuwahi kumwona mbuni ila kwenye picha. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa jibu.

Tulikutana kwa ajili ya dada yangu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Kilifi, nafasi aliyoitamani tangu kabla hajaolewa, na alikuwa na mtoto wa miezi kumi. Mumewe alisema mbele ya wote kwamba hana pingamizi. Mtoto angebaki kwao Matsangoni, yeye na mama yake mzazi wangemlea, na dada angekuwa akirudi kila mwisho wa juma. Kilichobaki ni wazee kutia baraka. Ilitakiwa iwe shughuli ya kikombe kimoja cha kahawa.

Kikawa kikao cha mbuni. Ami alisema mwanamke anayemwacha mtoto anyonyaye akaenda kutafuta vyeti hana tofauti na mbuni, anayetaga mchangani akaenda zake bila kugeuka nyuma. Baada ya hapo kila mtu akawa mtaalamu. Mzee mmoja jirani alieleza kwamba mbuni humeza misumari na ikayeyuka tumboni. Mwingine akasema ni mtoto wa ngamia na ndege, wala hakufafanua ndoa hiyo ilifungwaje na nani alikuwa walii. Wa tatu akaongeza kwamba akiona hatari hufukia kichwa, maana hana akili, na wote wakacheka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mbuni kwa macho yake. Mimi niliyeulizwa swali nilibaki mkekani na hasira zangu. Maisha ya dada yangu yalikuwa yamegeuzwa somo la ndege, na walimu wenyewe hawakumjua ndege.

Mama alikuwa jikoni muda wote huo, akikaanga kaimati. Aliingia na sinia pale ami alipokuwa akifunga maneno.

"Kwa hivyo binti yetu huyu," alisema ami, "sote tumeona, ni mbuni."

Mama hakuwa na habari za ndege yeyote. Mbuni, kwake yeye, ni mtu anayebuni, mwenye kichwa cha kuzua mambo mapya. Na mama alikuwa akimsifu dada kwa hilo tangu utotoni, tangu enzi zile dada alipokuwa akiwashonea wanasesere wake viatu vya pakiti za maziwa. Akaona hatimaye ukoo umekubali.

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti, akaweka sinia chini.

 Ng'ambo ya pazia ami akadakia, "Mmesikia. Mama mtu mwenyewe ameridhia. Someni Fatiha."

Wakasoma. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha limefungwa, na anayelifungua huonekana anabishana na Mungu, si na ami. Nilisimama, shangazi akanivuta mkono nikae. Dada alikuwa akimnyonyesha mtoto na hakuinua uso. Mama ndiye aliyeuliza, kwa kunong'ona na kwa furaha, kwani masomo yenyewe yanaanza lini.

Nilipomweleza kilichotokea, alijifunga buibui akaenda kwa ami mwenyewe kusema kwamba alisikia vibaya. Ami alimjibu kwa upole mkubwa, upole ule wa mtu aliyekwisha kushinda, kwamba kumshukuru Mungu si jambo la kujutia. Dada angesubiri mpaka mtoto aachishwe ziwa, kisha wangetazama tena.

Chuo kiliacha mlango wazi kwa wiki chache tu. Nikaamua kumtafuta mbuni. Nilipoandika neno hilo kwenye simu, niliambulia wabunifu wa mitindo ya nguo na miche ya kahawa, kwa sababu mti wa kahawa nao unaitwa mbuni. Niliendelea mpaka nikampata ndege. Hafukii kichwa mchangani. Hukiinamisha ndani ya shimo la kiota akageuza mayai kwa mdomo, na anayetazama kwa mbali huona shingo tu. Humeza mawe, ndiyo, ili yamsagie chakula, maana hana meno. Jicho lake ni kubwa kuliko ubongo wake, na hapo nilikumbuka watu kadhaa wa upande wa makochi ambao hata jicho hilo hawakujaliwa. Na mayai hulaliwa na wote wawili: jike mchana, dume usiku. Vifaranga wakitoka, dume huwaongoza na kuwapigania.

Sikutaka kuamini simu peke yake. Niliposikia kuna mtu anafuga mbuni nje kidogo ya Mariakani, nilimwomba shemeji atupeleke, akakubali. Tulikwenda mimi, dada, yeye na mtoto. Mwenye shamba alitupokea kwa bashasha akatueleza kwamba mbuni haatamii mayai yake. Huyakodolea macho tu, alisema, na kwa nguvu ya macho hayo yakaanguliwa. Alikuwa akituambia hivyo huku nyuma yake, hatua chache, jike la rangi ya majivu likiwa limeyalalia. Jua lilipoanza kushuka, dume jeusi likaja taratibu. Jike likainuka, likajipukuta vumbi, likaondoka. Halikuitisha kikao. Dume likapiga magoti, likajipanga juu ya mayai, likatulia.

"Shemeji, umeona?" nilimwambia. Alikuwa amempakata mtoto, na mtoto amelala begani pake. "Huyo ndiye wewe."

Akacheka. "Inshallah," akasema.

Nilirudi kwa ami nikiwa na kila kitu: video, picha, maelezo. Nilimwamkia, akanikaribisha, akavaa miwani, akatazama dume likilalia mayai mpaka mwisho. Nilimwambia kwamba ikiwa dada ni mbuni, basi mbuni ana haki ya kuondoka, kwa kuwa baba wa watoto yupo na amekubali.

"Mwanangu," alisema, akinirudishia simu, "yule ni ndege. Binadamu hafananishwi na mnyama."

Nilitoka bila kunywa chai yake. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile natamani kuvunja kitu.

Nafasi ya dada ilipewa mtu mwingine. Mtoto aliachishwa ziwa, akaanza madrasa, na hakuna aliyetazama tena chochote. Dada anauza katika duka la dawa mjini Malindi. Huwapa watu vidonge walivyoandikiwa na wengine, na anajua vingine havifai, na haruhusiwi kusema. Hajapata kumlaumu mama wala mumewe. Kwa miaka yote hiyo shemeji nilimtaja kila mahali kama mfano wa mwanamume. Nilipobishana na mtu yeyote kuhusu wanaume wa ukoo wetu, yeye ndiye niliyemtoa kama ushahidi.

Mwaka huu, tukichambua mchele wa harusi Matsangoni, mama mkwe wa dada alikuwa akinisimulia jinsi alivyojaliwa mwana mpole, asiyependa kugombana na mkewe hata kwa neno. Ndipo akanieleza, bila kuona ubaya wowote, kwamba kabla ya kikao kile mwanawe alimpigia ami simu, akamwomba amzuie mkewe asiende, ila jina lake lisitajwe.