Mapigo Matatu Kwenye Mgunga

Ko! Ko! Ko! Mwanangu, sauti hiyo ningali naisikia hata leo nikiosha vyombo. Ni tezo ya Baba ikigonga gogo kavu kwenye veranda yetu pale mtaani Umoja, siku ambazo nyumba bado zilinuka rangi mpya. Baba alikuwa mchongaji. Alichonga twiga na vifaru wa kuuzia watalii mjini, na vipande vya mti viliruka kama panzi. Kwa hivyo alitufunza sheria moja tangu tukitambaa: akipiga gogo mara tatu, kwa nguvu na polepole, kila mtu asimame alipo. Usisogee, usiulize. Ukishatulia, unagonga ukuta mara moja, maana yake umesikia. Watoto wa jirani walitucheka eti tunafugwa kama kuku. Shauri yao. Vidole vyetu vyote vilikuwa vizima.

Siku ninayokusimulia nilikuwa nimemaliza la saba, na kichwani mwangu ndoto zilikuwa nyingi kuliko hesabu. Baba alikuwa anakwenda Naivasha kutafuta magogo, kwa dadake, Shangazi Ndunge, aliyefanya kazi kwenye shamba kando ya ziwa. Jirani yetu Kamau alitubeba kwa lori lake. Shangazi alikuwa amenisimulia juu ya migunga ya kule: ziwa hupanda likaimeza mpaka kifuani, likashuka, likapanda tena, nayo imo tu. Mingine imelala ubavu na bado inachipua. Basi nikatamani kuiona, peke yangu, bila mtu wa kunisemesha.

"Unaenda Naivasha kuona miti?" kaka yangu Kioko alinikejeli. "Kwani hiyo mitatu ya pale stendi imekukosea nini?"

Tulifika jioni ikikaribia. Baba akabaki akikagua magogo, Shangazi akaenda kukamua ng'ombe. Sikumuuliza mtu, maana njia ilijionyesha yenyewe nyuma ya ua: pana, safi, imekanyagwa mpaka udongo unang'aa, na nyasi za pembeni fupi kama zimefyekwa jana. Sasa, mwanangu, kwetu Umoja njia kama ile ilikuwa na maana moja tu: watu. Kila njia ya mkato ya kwenda mtaa wa Mowlem ilifunguliwa na miguu ya kina mama wanaokwenda sokoni. Nikasema moyoni, kumbe wenyeji wa hapa wanalipenda ziwa lao, hata nyasi wanafyeka! Nikaifuata nikiimba.

Mbele kidogo wimbo ulinikatikia. Mafunjo yalisimama pande zote mbili, marefu kunishinda, na upepo ukakoma. Mtaa wetu haukuwahi kuninyamazia hivyo. Hata usiku kuna redio ya mtu, kuna mtoto analia. Nilitazama chini nitafute alama ya kiatu. Hakuna. Hakuna hata ganda la muwa, hata kifuniko cha soda. Nikajiuliza, njia gani hii ya watu isiyo na taka? Shingo ilinisisimka. Lakini miguu ilikuwa imeshazoea kwenda, ikaenda.

Nikatokea kwenye maji, na migunga ikawa mbele yangu, magome ya manjano yakiwaka kwa jua la mwisho. Mmoja ulikuwa umelala juu ya matope kisha ukanyanyuka, kama mtu aliyeanguka akajiegemeza kwa kiwiko. Machozi yalinitoka, kwa uzuri tu.

Ndipo maji yakapuliza. Mfuuu!

Kiboko alitoka taratibu, kama anayetoka nyumbani kwake, mwanawe nyuma yake. Akaelekea kwenye ile njia. Njia yake. Nilivyoupanda ule mgunga ulioinama sijui. Najua tu kwamba miiba iliniingia na sikuisikia. Akasimama chini yangu, akinusa nilipokanyaga, kisha akajiweka katikati ya njia akaanza kula nyasi.

Nikasikia, "Mama! Wee mama!"

Alikuwa Baba. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake. Sauti ilitoka ndani ya mafunjo, kwenye njia ileile, na yule mnyama alikuwa kati yetu, masikio yamesimama. Nikipiga kelele, Baba angekuja mbio. Mzazi akisikia mtoto analia hachagui pa kukanyaga. Nikinyamaza, angekuja tu, polepole. Vyote viwili vingempeleka kwenye meno.

Nikavunja tawi kavu. Nikapiga shina.

Ko. Ko. Ko.

Hatua zikakoma. Kiboko akainua kichwa, akanitazama. Nikaubana mti kifuani nikasubiri. Halafu, kutoka kule kwenye mafunjo: ko. Mara moja tu.

Baba alirudi kinyumenyume, akawaleta watu wa shamba wakipiga madebe kwa upande wa pili, mpaka viboko wakashuka majini. Niliposhuka, Shangazi alinikamata sikio.

"Hii nyasi, ulidhani nani ameifyeka?"

"Wewe, Shangazi."

"Mimi! Na kazi zangu zote hizi, nije nilifyekee ziwa!" Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaacha. Akaushika ule mgunga. "Uangalie vizuri. Mti huu unajua maji yana mwenyewe. Yakija unainama, yakienda unainuka. Ndiyo sababu umezeeka hapa. Wewe hata hodi hukupiga."

Baba hakunigombeza. Alinitoa miiba, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

Basi mwanangu, ota ndoto zako, nenda ukaone miti yako. Sikukatazi, mimi mwenyewe ningali naota. Ila njia kuwa nyeupe si dalili kwamba ni yako. Kuuliza si ujinga, na mgeni ana macho lakini haoni. Wimbo ukikukatikia njiani, simama. Moyo umeona kitu kabla yako. Na mambo madogo unayofunzwa nyumbani, yale wenzako wanayoyacheka, usiyatupe. Hujui utayahitaji juu ya mti gani. Mungu akufungulie njia zilizo zako, na zile zisizo zako azilazie mwiba mapema, kabla hujafika mbali.

Kesho yake asubuhi, kule Naivasha, Kamau akiwa anapasha lori moto, nilitoka nikazunguka ua, peke yangu. Niliburuta tawi la mgunga lenye miiba, nikalilaza mdomoni mwa njia ile, kwa ajili ya mtoto mwingine yeyote wa mjini. Kisha nikarudi kwa Baba, nikatembea pale pale alipokanyaga yeye.