Maharage ya Beseni Moja

Evelina wa Gare alikuwa mwema kwa kila jirani, ila maharage ya mdogo wake Secilia yakitajwa tu, uso ulimnywea kama kisamvu juani. Miaka yote aliamini kwamba mama yao, kabla hajafariki, alimpa Secilia mbegu nzuri kwa sababu alimpenda zaidi.

Jumapili ya mavuno, maharage ya Secilia yaliponadiwa nje ya kanisa, watu walisukumana. "Haya ni maharage au mayai ya mjusi?" mnadishaji akatania. Ya Evelina aliyachukua padri mwenyewe, kwa huruma.

Kesho yake Evelina akapanda mlima hadi kwa mdogo wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibia puani. "Leo niambie ukweli. Mama alikupa mbegu gani?"

Secilia akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. "Dada! Si tuligawana beseni moja lile la mama? Makubwa na madogo yamechanganyika, na sahani ya kupimia uliishika wewe. Ukajipimia kwanza!"

Kweli bwana. Evelina aliikumbuka sahani ile, na jinsi alivyoijaza hadi ikamwagika alipojipimia.

"Basi umeyafanyia nini?"

"Nachagua tu. Makubwa naweka mbegu, madogo tunakula. Wewe je?"

Ikabidi Evelina aseme ukweli. Kwake makubwa yalikwenda sufuriani, hasa wageni wakija. Yaliyobaki chini ya gunia ndiyo yaliyorudi shambani.

"Ndiyo hivyo, dada. Haragwe dogo linazaa watoto wake wadogo. Msimu mmoja huoni kitu. Lakini misimu yote hii! Tukiendelea hivi, wajukuu wataapa kwamba haya yako na haya yangu hayajawahi kuwa ukoo mmoja."

Evelina akatafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Mama hakumpendelea mtu. Hilo lilimpoza kidogo. Wivu lakini ulihama mahali tu: sasa aliionea wivu misimu ambayo mdogo wake amemtangulia. Secilia akamchotea mbegu kibaba kizima, Evelina akakikataa.

"Ninazo za mama," akasema.

Jioni mumewe, Anselm, akachungulia sahani. "Mke wangu, leo umepika maharage au mtama?"

"Kula hivyo hivyo. Makubwa yanalala kwenye debe la mbegu."

Na hayo makubwa, alipoyapapasa ndani ya majivu ya kuzuia wadudu, yalikuwa madogo kuliko madogo ya Secilia. Akalifunika debe haraka, utadhani mdogo wake yuko mlangoni anachungulia.