Maji ya Lambo na Jicho Langu la Kulia

Kabla ya kuugua, nilikuwa mtu wa kufumua. Mshono ukipinda kidogo tu, hata mahali pasipoonekana, naufumua na kuanza upya. Ushonaji nilijifundisha mwenyewe hapa Matongo, kwa kuchana nguo kuukuu nione zilivyounganishwa. Kila siku niliogopa kwamba mtu atagundua sijui kazi. Naitwa Bhoke. Nasimulia haya ili mwenye jicho linalouma asikate tamaa.

Kiangazi kile nilimpelekea shangazi chakula pale kina mama wanapoponda mawe ya dhahabu, kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Kipande cha jiwe kikaruka, kikanipiga jicho la kulia.

"Usilioshe, Fundi! Huenda ni dhahabu!" mmoja akanitania, wote wakacheka.

Shangazi alifanya wanavyofanya wote pale: alichota maji ya lambo kwa kiganja, akanimwagia jichoni. Yalikuwa ya uvuguvugu kwa jua, yakanituliza. Wenzake huosha mara moja na kuendelea kuponda. Mimi nilibeba dumu zima nyumbani. Asubuhi na jioni nilifunua kope kwa vidole na kuosha, nikitaka jicho liwe safi kabisa.

Wiki iliyofuata lilikuwa jekundu kama nyama. Mwanga ulinichoma, nikawa nashinda ndani nimejifunika kanga. Maumivu yalipanda mpaka kisogoni, nikatapika. Matone ya zahanati hayakusaidia. Juu ya mboni pakatokea duara jeupe.

"Jicho hilo watalitoa tu," nilimsikia jirani akimwambia shangazi nje ya dirisha. Sikulala.

Nesi wa zahanati, dada aliyehamia kutoka Kigoma, alikataa kunipa matone yaleyale tena. "Mdogo wangu, tusidanganyane. Nenda Mwanza leo."

Kule daktari alikwangua jicho kidogo, akapima, kisha akaniuliza nilikuwa naosha kwa maji gani. Nikamwambia.

"Ni amiba," akasema.

"Amiba si wa tumboni, daktari?"

"Huyo ni mwingine. Huyu anaishi kwenye maji yaliyotuama. Jiwe lilikwaruza jicho, naye akapata pa kuingilia. Kila ulipoosha, ulimwongezea wenzake."

Nililia. "Mtalitoa?"

"Sitaki kulitoa. Ila matone ni kila saa, usiku na mchana, na tiba ni ya miezi. Wengi huchoka."

Shangazi, aliyenisindikiza, akacheka. "Daktari, huyu hujamjua. Utachoka wewe."

Matone yaliwasha kama pilipili. Nilitega kengele ya simu, na bado niliamka kabla haijalia, kwa hofu ya kuchelewa. Polepole mwanga uliacha kuchoma. Halafu nikaanza kuona vidole vyangu. Kovu limebaki, naona kama kupitia chandarua, lakini nashona.

Namshukuru Mungu, na daktari, na yule nesi aliyeniambia ukweli. Shangazi na wenzake sasa hubeba chupa ya maji yaliyochemshwa. Nawe kitu kikikuingia jichoni, usitumie maji ya lambo wala dimbwi, hata yakiwa maangavu. Likiendelea kuuma, wahi hospitali, na dawa uimalize.

Hofu haijaniisha. Kila asubuhi nafumba kwanza jicho la kushoto, lililo zima, nijue kama la kulia bado linaona.

Linaona.