Kilio Bila Maiti

Nilipokuwa na miaka kumi, wanawake wanne kutoka Finlandi walipanga ghorofa ya juu yetu, hapa ughaibuni, mtaa wa Saint-Josse. Waliimba nyimbo za kale za kwao, bila ala, sauti nne tu. Tuliwazoea, hadi siku walipoanza kulia.

Kilikuwa kilio cha msibani kabisa: sauti inapanda, inakatika, inashuka na kwikwi. Bibi yangu, aliyekimbia Bujumbura akiwa amezika watoto watatu, aliacha kuchambua mboga zake za lengalenga.

"Nani amekufa uko juu?"

"Hakuna muntu, bibi. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kilio? Kilio bila maiti kinatafuta maiti!"

Akashika mchi, tukapanda. Helmi, kiongozi wao, akafungua mlango wa kioo. Alieleza kwa Kifaransa, nami nikatafsiri: kwao hata bibi harusi huombolezwa anapoondoka kwa mama yake, na wimbo ule walifundishwa na mwanamke mzee wa kijijini.

"Umwambie alilie harusi yake mwenyewe!" Bibi akamtandika mchi wa bega.

Helmi akamkamata mikono. Wakavutana. Mimi nina hasira za karibu, hata leo. Nilichoona ni mzungu anampiga bibi yangu. Nikamsukuma Helmi kwa nguvu zangu zote, wakaanguka wote wawili na kile kioo cha mlango, kikavunjika.

Mkono wa bibi ulipasuka kutoka kiwiko mpaka kiganja. Damu iliruka ukutani. Helmi, shavu lake limechanika, aliukaza mkono ule kwa shali yake, akaanza kuimba kwa sauti nzito, kama anayemkaripia mbwa. Baadaye alituambia kwamba kwao, zamani, damu iliamriwa isimame. Ilisimama. Kama ni shali au ni maneno, sijui, na nisichokijua sikisemi.

Hospitalini papa, baba yangu, akauliza, "Bon, haya, nani alianza?"

Bibi alinitazama kwanza. "Ni kile kilio. Niliwaonya."

Tangu siku hiyo jamaa zetu wote husimulia kwamba onyo la bibi lilitimia. Nami, ninayejisifu kwamba sipindishi maneno, nimewaacha wasimulie. Bibi hakuwa mwongo; kilio kile alikiogopa kwelikweli. Lakini alijua pia mikono ya nani ilisukuma.

Vidole vyake vitatu havikukunjika tena. Kila asubuhi, mpaka alipofariki, aliniita mimi nimfungie vifungo vya gauni, na hakuniuliza neno. Ningechapwa siku ile, ningekuwa nimeshasahau.