Kikundi Huondoka wa Mwisho Akifika

Mke wangu aliniambia anafikiria kuhamia kwa dada yake Lavington tukiwa Kenyatta Market, yeye akisukwa nywele, mimi nimekalia kiti cha plastiki nikimshikia mkoba. Wasusi walikuwa wawili, kila mmoja na upande wake wa kichwa, na wote wakanyamaza ili wasikie nitajibu nini. Nikauliza ni kwa muda gani. Akasema kwa muda. Msusi wa kushoto akanitazama kwa huruma, kisha akaendelea kuvuta nywele.

Mimi ni mtu wa kuandika. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika insha kuhusu ndoa ambazo watu wasionifahamu wamezisifu, na pale kwenye kiti cha plastiki sikupata hata sentensi moja. Nilichokuja kusema baadaye, tukipita katikati ya moshi wa nyama choma, ni kwamba nitajiunga na safari yao ya Turkana.

Safari ilikuwa ya kikundi chake cha kupanda milima: makarani wa serikali, watu wa benki, mwalimu mmoja wa hesabu, watu wa makamo wanaokutana katikati ya jiji Jumamosi alfajiri wakiwa na fimbo za kutembelea na ndizi mbivu. Walikuwa wamechoshwa na matope ya milima ya Aberdare, wakachagua vilima vya jangwani ng'ambo ya Lodwar, ambako udongo una rangi kama vitambaa dukani na mifupa ya wanyama wa kale, iliyokwisha kuwa mawe, imechomoza juu ya ardhi.

"Wewe?" akasema. "Wewe hupanda ngazi za ofisi ukishika ukuta."

"Nitakuja."

"Haya. Ukitembea na mimi mpaka mwisho, tutaongea kuhusu hiyo Lavington."

Niliyashika maneno hayo kama mfungwa aliyesikia kuna rufaa. Nikanunua viatu. Nikazunguka mtaa wetu wa Kabiria kila jioni nikiwa nimevivaa, majirani wakiniuliza kama gari limekufa.

Sheria kuu ya kikundi kile niliisikia ndani ya basi, na kila mtu aliisema kwa fahari: hapa hakuna anayeachwa. Walio mbele wakifika mahali pa kupumzika wanakaa, wanakunywa maji, wanawasubiri wenzao. Wa mwisho akifika, filimbi inalia na kikundi kinaondoka. Kwenye kiti cha basi inasikika kama sheria ya upendo. Ni mpaka uwe wa mwisho ndipo unagundua kwamba mtu pekee asiyepumzika ni wewe. Wengine wote wanainuka wakiwa wamepoa, wamekula, wamepiga picha, na wewe unapita kituo kana kwamba hakikuwepo.

Aliyekuwa na filimbi ni mke wangu. Walimchagua kwa kura, kwa sababu ni mtu wa haki.

Vilima vyenyewe sitavifanyia ubahili. Chini vilikuwa vyekundu kama tofali, juu yake mstari wa kijivu kama majivu ya jikoni, kisha kijani cha ajabu kisichohusiana na jani lolote, kisha manjano. Hakukuwa na mti. Kiongozi wetu, mwenyeji wa kule, alituonyesha vipande vya mifupa vilivyolala kwenye changarawe na kutuomba tusiviokote wala kuvikanyaga.

"Sawa," mwalimu wa hesabu akasema. "Na yule anayekuja kule chini, naye tusimwokote?"

"Huyo msimguse," mwenzake wa benki akajibu. "Hajamaliza kugeuka jiwe."

Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia, na mbali vya kutosha kutojibu. Mke wangu alicheka. Alichelewa kidogo, lakini alicheka. Nilipofika mahali walipokuwa wamekaa, akapuliza filimbi.

"Nipe dakika," nikamwambia.

"Sheria ni ya wote."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata cha kushika.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja wa wizarani mwenye sauti ya kuita wageni mezani, akauliza nani atakaa nyuma na mzee. Ni hivyo walivyoniita, mzee, ingawa yeye amenizidi umri. Wote wakamgeukia mke wangu. Alikuwa ameinama akikaza kamba za viatu.

"Anajua njia," akasema.

Tulikuwa jangwani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga.

Kituo kilichofuata, filimbi. Kilichofuata tena, filimbi, na safari hiyo sikuwa nimefikisha chupa mdomoni. Wakaniacha nikihema, migongo yao ikipanda mbele yangu, ya mke wangu ikiwa ya kwanza. Nikaanza kuwaza kwamba ningeshindwa, na kwamba angeniambia kwa upole uleule kuwa nimeshindwa.

Kituo cha mwisho kabla ya kufika penye kisukuku kikubwa, mnyama wa kale aliyegeuka jiwe ambaye ndiye mwisho wa safari, kilikuwa juu ya tuta tupu, jua likipiga kila upande. Niliwaona wamekaa pale wakinisubiri. Hatua chache chini yao palikuwa na jiwe lililochomoza, nalo lilikuwa na kivuli cha kumtosha mtu mmoja. Nikaingia kivulini. Nikakaa. Nikavua viatu.

Mwanzoni walidhani nimeumia.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa."

"Basi songa, tunaungua huku!"

"Sijafika," nikawaambia. "Kikundi huondoka wa mwisho akifika."

Mwalimu wa hesabu akasema, "Buda, wacha mchezo." Mwenyekiti akajifunika kichwa kwa sweta. Mtu wa benki alikuwa ameanza kuwa mwekundu kama vile vilima. Nikanywa maji polepole. Nikala ndizi. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo tangu siku ya harusi.

Ndipo mke wangu akashuka. Alisimama juani, nje ya kivuli changu, wala hakuomba nafasi.

"Ulitaka nikungoje," akasema. "Nimekungoja. Umeshiba?"

"Bado kidogo."

"Watu wote wale wanaungua ili wewe ukae hapa ukijiona mwerevu. Unajua hivi ndivyo nyumba yetu ilivyo? Hivi hivi."

Nikamwambia tutaongea tukifika mwisho, kama tulivyokubaliana.

"Tuongee sasa. Sitaki kuongea kule mbele ya watu. Dada ameshapaka chumba rangi."

"Lini?"

"Kabla hatujatoka Nairobi."

"Sasa ulinileta huku kwa nini?"

"Sikukuleta. Wewe ndiye ulisema unakuja. Mimi nilisema tutaongea. Tunaongea."

Nilivaa viatu. Aliningoja nifunge kamba, halafu akatembea nami ile sehemu iliyobaki, kwa mwendo wangu, akisimama nikisimama. Hilo ndilo lililouma kuliko filimbi zote. Alikuwa na subira ya mtu aliyekwisha kuamua.

Kisukuku kilikuwa kobe, mkubwa kama beseni la kufulia, gamba limepasuka vipande lakini kila kipande kiko mahali pake. Kiongozi akasema zamani hapo palikuwa na maji. Watu walipiga makofi nilipofika, mwalimu wa hesabu akipiga kwa nguvu zaidi, na mtu akatupiga picha, mimi na mke wangu, kobe miguuni petu. Tumetoka vizuri. Shangazi yangu ameiweka sebuleni kwake Machakos.

Basi lilitushusha katikati ya jiji tukiwa na vumbi la rangi zote masikioni. Tukachukua teksi moja, kwa kuwa njia ni ileile mpaka karibu na mwisho. Kwenye geti la dada yake Lavington askari alitoka mbio akamchukulia begi, akimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama mtu wa nyumbani.

"Na mzee anashukia wapi?" dereva akauliza.

"Muulize mwenyewe," mke wangu akasema.

Akafunga mlango. Kisha akarudi, akainama dirishani akamwambia dereva apitie Kawangware, maana barabara ya kwa mzee kule Kabiria imechimbwa.