Kumaliza Ukuta wa Magazeti

Daktari wa Nyeri alisema wazi, tena akimtazama kaka yangu badala ya Mama mwenyewe: kifua hiki hakitavumilia Julai nyingine ndani ya nyumba ya mbao. Kaka yangu si mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameshajenga nyumba ya mawe ng'ambo ya ua, yenye dari na madirisha ya vioo, na ndani yake kitanda kipya ambacho hakijavuliwa nailoni. Kilichobaki ni Mama kuvuka ua na kulala humo. Mama akasema atahama akimaliza kusoma ukuta.

Kaka alinipigia simu nikiwa kazini, na nilijua kwa jinsi alivyopumua kwamba mambo yamemfika shingoni.

"Ati anamaliza ukuta," aliniambia. "Wewe ndiye mnasikizana. Kuja uongee na yeye kabla baridi haijaanza."

Huo ukuta lazima niueleze. Kwetu ni Mukurweini, ndani kidogo, kwenye mteremko wa kahawa na migomba. Mbao za nyumba zikikauka huachana, na kupitia nyufa hizo upepo wa mlimani huingia kulala na wenye nyumba. Baba, alipokuwa hai, aliuziba kwa magazeti. Aliyanunua kwa kilo kutoka kwa mwenye bucha, ambaye alifungia nyama kwayo, akayabandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Gazeti limesema nini, hilo halikumhusu. Alichojali ni upepo, na ndiyo maana kurasa nyingine zilibandikwa miguu juu, nyingine zikakatwa katikati ya sentensi ili ziingie penye kona.

Sisi watoto tulijifunzia kusoma hapo. Mama naye, aliyeanza masomo ya ngumbaru akiwa mtu mzima, alifanyia mazoezi yake ukutani, kidole kikifuata maneno, midomo ikicheza. Hadi leo naweza kusoma karatasi iliyopinduliwa bila kuinamisha shingo. Wateja wangu huona ni kiini macho.

Shida ni kwamba kurasa zilipakana, na hakuna aliyetuambia habari moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Karibu na mlango paliandikwa kwamba ngamia anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji, na ukurasa uliofuata ukaendelea: mradi apakwe mafuta kila msimu na kuwekwa mahali pasipo na unyevu. Pengine sehemu ile ya pili ilihusu baiskeli. Katika nyumba yetu, ngamia alipakwa mafuta. Nililisema jambo hilo darasani kwa uhakika kamili, na darasa zima likacheka mpaka mwalimu akalazimika kugonga meza.

Basi Jumamosi ile nikafunga duka mapema. Nashona sare za shule Ruring'u, karibu na uwanja wa michezo, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuuza, kwa hiyo nilifika Mukurweini nikiwa na kisirani changu tayari. Nilimkuta Mama amesimama mbele ya ukuta, shuka begani, akikohoa.

"Mama, nyumba ile nyingine iko na joto."

"Najua. Nimeiona."

"Sasa unangoja nini?"

"Maitu, hizi habari zote ziko nusu," alisema. Huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake mzazi. "Nimezisoma miaka yote na sijui hata moja iliishaje. Mkishabomoa, nitauliza nani?"

Nilichokuwa nacho ni simu, na ndani ya simu ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa nimeitumia kumalizia ubishi wa dukani tu. Nikamwambia achague ukurasa, nami nitamtafutia mwisho wake. Nilidhani tungemaliza kabla ya chai.

Alianza na pweza. Ukuta ulisema pweza ana mioyo mitatu, na hapo habari ikakatwa na bei za mahindi. Nilitafuta, nikamsomea: mioyo mitatu ni kweli, na damu yake ni ya samawati kwa sababu ina shaba pale ambapo yetu ina chuma, na mwili mzima hauna mfupa hata mmoja. Mama akakaa kitandani.

"Bila mfupa. Na hiyo mioyo yote tatu inasukuma damu ya shaba."

"Ndivyo wanasema."

"Haki ya Mungu," alisema polepole, bila kushangilia, kama mtu aliyepewa habari za jamaa yake.

Kwenye simu neno shaba lilikuwa na rangi, ukiligusa linakupeleka kwingine. Nililigusa. Kutoka shaba tulifika kwenye sarafu, kutoka sarafu kwenye chumvi, kutoka chumvi kwenye bahari ambayo watu huelea juu yake bila kujua kuogelea. Nilipoinua macho, chai ilikuwa imepoa na utando umejikunja juu ya maziwa. Ngamia tulimfikia baadaye. Mama aliposikia kwamba hapakwi mafuta, aliigusa karatasi yake ukutani kwa kiganja. Nadhani alimhurumia.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Kaka alifikiri nambembeleza Mama, nami nikamwacha afikiri hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenaswa. Dukani, mguu ukiwa kwenye cherehani, nilijikuta nasoma habari za vifungo, za ukoma, za jinsi mafundo ya kamba yanavyotofautiana, za mfalme aliyevishwa taji akiwa bado mtoto wa kubebwa, za sheria za mchezo ambao sijawahi kuuona ukichezwa. Kila kitu nilichokigusa kilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na milango. Aliyeandika habari za kifungo alikaa chini mahali fulani, bila kulipwa, akajali kifungo kuliko ninavyokijali mimi niliyeshona maelfu. Nakiri niliogopa kidogo. Ni woga ule wa kuingia kanisa kubwa ukiwa peke yako siku ya wiki.

Siku ya githeri ndiyo nusura tugombane. Ukuta ulikuwa na kipande kuhusu mahindi, nami katika kufuata milango nikagundua kwamba mahindi yalitoka ng'ambo ya bahari kuu, bara la Amerika, na maharagwe yetu yale mekundu vilevile. Nikamsomea nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Mama alitazama sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka pamoja.

"Unaniambia githeri si yetu."

"Nakuambia ilikuja, Mama."

"Na viazi?"

"Vilikuja."

"Ndizi?"

"Zilikuja pia. Kutoka mbali kule Asia."

Alienda dirishani akaitazama migomba yake kwa muda mrefu, migomba aliyoipanda kwa mikono yake, kana kwamba ni wageni waliokaa miaka bila kuulizwa watokako.

"Na njahi?" aliuliza, bado amenipa mgongo.

Nilitafuta huku nikiomba moyoni, maana njahi, zile nyeusi mfano wa maharagwe, ndicho chakula alicholetewa kila alipojifungua. "Njahi asili yake ni hapa Afrika."

"Hapo sawa," alisema, akarudi kukoroga.

Kufikia mwisho wa Juni kikohozi kilikuwa kimeshuka chini zaidi, na asubuhi ukungu haukuondoka kwenye kahawa mpaka saa nne. Kaka alisema waziwazi kwamba wiki itakayofuata atakuja na vijana wa kung'oa mabati, Mama akitaka asitake. Nilimwambia Mama. Akatikisa kichwa, akasema umebaki ukurasa mmoja tu, ule ulio nyuma ya kitanda chake.

Nilikivuta kitanda. Nilikuwa nimedhani aliuacha wa mwisho kwa sababu kitanda ni kizito. Ukurasa ulikuwa chini, usawa wa mto, umekuwa wa kahawia na kulainika pale mkono wake ulipozoea kuugusa. Ulihusu nyota ya mkia, na picha yake ilikuwa juu. Ulieleza jinsi ilivyoonekana mwaka ule wa themanini na sita, kwamba ni barafu na vumbi, kwamba hulizunguka jua na kwenda zake mbali. Mstari wa mwisho ulisema itaonekana tena, na hapo gazeti likaishia. Lililofuata lilikuwa tangazo la sabuni, kwa hiyo ukutani kwetu nyota ile ingeonekana tena katika maduka yote kwa bei nafuu.

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Baba yako aliiona," alisema. "Alikuwa ameamka kukamua, kabla hakujapambazuka. Akagonga hili dirisha, akaniambia toka uone kitu. Nilikuwa nakunyonyesha wewe. Ulikuwa mdogo, na nje kulikuwa na baridi. Nikamwambia nitaiona kesho."

"Na kesho?"

"Mawingu. Halafu mvua ikaanza. Akasema usijali, itarudi. Alipopata hii gazeti aliiweka hapa upande wangu. Hakujua hata imekatika. Alijua tu picha."

Ndipo nikaelewa, nikahisi joto usoni kwa jinsi nilivyokuwa mzito wa kuelewa. Dirisha lile linatazama mashariki. Chumba alichojengewa kwenye nyumba ya mawe kinatazama barabara. Miaka yote hii Mama amelala mahali alipogongewa, ili nyota ikirudi isimpite mara ya pili.

"Tafuta," aliniambia. "Inarudi lini?"

Nilitafuta. Ukurasa ulifunguka mara moja, mrefu, wenye picha na hesabu, na tarehe ilikuwepo. Niliusogeza ukurasa juu na chini kwa kidole. Ningeweza kumwambia mwakani. Ningeweza kumwambia ilisharudi ikapita mchana. Lakini alikuwa amenisikiliza majuma yote yale akiamini kila neno nililosoma, hata lililomnyang'anya githeri yake, na sikuweza kuanza kudanganya kwenye ukurasa wa mwisho.

"Mwaka wa elfu mbili sitini na moja, Mama."

Alipiga hesabu kwa vidole juu ya shuka. Ilimchukua muda.

"Mimi sitakuwa."

"Hapana, Mama."

Alikohoa, akapangusa mdomo. Nami nikaendelea kusoma, nikafika mahali nilipolazimika kusoma mara mbili. Nyota ile huenda mbali, mbali kabisa, mahali ambapo jua lenyewe ni nukta tu, na huko mwisho wa mwisho hupunguza mwendo na kugeuka. Ilikuwa imegeuka. Ilifika mwisho wa safari yake mwaka juzi tu, tukiwa katika shughuli zetu, mimi nikishona, yeye akipeleka maziwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Lakini imeshageuka," nilimwambia. "Iko njiani, Mama. Inarudi."

"Saa hii?"

"Saa hii tunavyoongea."

Aligeukia dirisha. Nje palikuwa mchana wa ukungu, hakuna cha kuona ila migomba na choo na kamba ya nguo, lakini alitazama juu ya vyote hivyo kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa msichana. Tulikaa hivyo.

Kisha alisimama, akaanza kukunja shuka zake.

"Mwite ndugu yako aje abebe godoro," alisema. "Hii baridi naikalia ya nini tena?"

Nilishika upande wa pili wa blanketi tukalikunja pamoja, tukikaribiana na kuachana, kama tulivyokunja mablanketi tangu nilipokuwa na urefu wa kufika kitandani. Tulipokutana mara ya mwisho alinishika mikono.

"Wewe utakuwa na miaka mingapi, hiyo siku?"

"Nikijaliwa, karibu kama yako sasa."

Aliwaza hilo, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayepima nguo atakayonishonea.

"Basi Maitu," alisema, "hiyo asubuhi usitoke nje bila sweta."