Mbeta ya Makumbusho

Siku ya tatu tangu mama aje kukaa nami Makambako, alishafunga mzigo. Alidai nyumba yangu ina kila kitu isipokuwa kazi, na mtu aliyelima viazi kijijini Kichiwa maisha yake yote hawezi kushinda kwenye kochi akitazama malori. Nami nilitaka abaki. Baba ameshatutoka, kule kijijini mama yuko peke yake, na niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kula peke yangu. Nikamwomba siku moja tu: twende Njombe, kuna chumba cha makumbusho, kuingia ni bure.

“Hata kama ni bure,” akasema, “kwa watu huendi mikono mitupu.”

Basi tukaingia makumbusho na ndoo ya viazi. Mtunzaji, mwanamume wa makamo mwenye tai, akaipokea kwa mikono miwili, akahangaika pa kuiweka, mwishowe akaitua chini ya picha ya chifu. Nilijibana kucheka mpaka mbavu zikauma.

Mama akapita jiwe la kusagia, akapita jembe la kale, bila hata kusimama. Vyote anavyo uani kwake. Nikaanza kukata tamaa. Ghafla akasimama. Kwenye mwanzi mrefu walikuwa wamefunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, mdomo ukitazama sakafu.

“Baba, hebu njoo,” akamwita mtunzaji. “Huo ulanzi utaingilia wapi?”

“Mama, haya ni maonyesho tu,” mtunzaji akajibu.

“Maonyesho ya kumwaga?”

Kabla sijamshika mkono, alishavua viatu, yuko juu ya stuli anafungua kamba. Wanafunzi wa ziara waliokuwa wakipiga miayo mbele ya lile jembe wakahamia kwake wote. Akawaonyesha jinsi ncha ya mwanzi inavyokatwa asubuhi na jioni, kidogo kidogo, bila pupa. Akawaonyesha na anavyotembea aliyeonja kupita kiasi. Tulicheka hadi machozi. Mtunzaji naye alicheka huku akiandika, na tulipoaga akamwomba awe anakuja kila Jumamosi kuwaeleza wageni.

Mama akajibu kwamba atafikiria. Kwenye haisi, tulipokaribia Makambako ndipo nikathubutu kumuuliza kama kesho nimrudishe Kichiwa.

“Kichiwa kufanya nini?” aling'aka. “Kesho nipeleke kwa fundi cherehani. Jumamosi siwezi kusimama mbele za watu na gauni hili.”